Namna Kinwa cha Solange Kilipanuka

Mama mwenzangu, kama mutoto wako analalaka kinwa wazi, na dokteri amekuambia ya kama paa la kinwa chake ni nyembamba, haya nimeandika kwa ajili yako. Bamama bananifuata hapa Kamembe kisha misa, bananiuliza namna tulifanya, na mie kila mara naanzia katikati nasahau ya mbele. Njo Sista wa parokia akaniambia, "Maman Solange, masomo ya jioni yote ile ulisoma ya nini? Andika." Basi naandika namna ninasemaka. Mambo ya ndani ya udokteri sijue. Nitakuambia yale niliona na yale yaliniogopesha, ili wewe uogope kidogo kuliko mie.

Mie nilikulia Uvira, batu betu balikimbiliaga kule zamani. Nilirudi Rwanda na mimba ya Solange. Toka akiwa mudogo alikuwaka anapumulia kinwa. Nikasema ni mafua. Mafua ikaisha, kinwa kikabaki wazi. Akilala anakoroma kama mzee, mpaka bajirani banatania ya kama bwana wangu amerudi katikati ya juma. Bwana wangu anafanya kazi kwenye mashine ya muchele kule Bugarama, anarudi Jumamosi tu. Asubuhi muto wa Solange umelowa mate, na ye anaamka amechoka kama ni ye alilala akilima.

Kula nayo ilikuwa taabu. Meno ya juu, upande mumoja, yalikuwa yanaingia ndani ya yale ya chini. Akitaka kutafuna anapeleka taya pembeni, kama mbuzi. Kipande cha nyama anazungusha kinwani mpaka benzake bamenawa mikono. Kwa masomo batoto balimuita Sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa, juu ya vile inakufaga kinwa wazi. Hakuwa analia. Alikuwa anafunika mudomo na mukono, na mie mukono ule njo uliniuma kuliko kilio.

Mama ya bwana wangu, sie bote tunamuita Koko, anakaa na sie. Ye alisema ni kilimi, kale kanyama kananing'inia nyuma kinwani, kamerefuka, kakatwe. Huku kwetu batoto bengi bamekatwa. Hata mie. Lakini mudogo wangu alikatwaga vile, damu ikakataa kusimama, na hatukurudi naye nyumbani. Nikamwambia Koko hapana. Wewe nawe, ukiambiwa kilimi, sema hapana, kisha uende kituo cha afya.

Kule kituo cha afya, muuguzi alitia kidole kinwani mwa Solange, akapapasa juu, akasema, "Mama, hapa juu ni kama bonde. Pua haina nafasi. Vuka Bukavu, kuko dokteri wa meno anajua hii kazi."

Bukavu ni pale ng'ambo ya daraja, lakini miaka ile haukuwa unavuka tu. Vita ilikuwa imeisha kwa midomo, kwa bunduki bado. Kwa bariyeri banakuuliza unaenda wapi, kwa nani, utarudi saa ngapi. Nilikuwa nasema ukweli, "Napeleka mutoto kwa dokteri wa meno," na askari anamuangalia Solange, Solange anafungua kinwa, askari anageuza uso. Vile tulipita.

Chumba cha kungojea, sitakisahau. Mabenchi mawili marefu, dirisha moja, na batu benye bitambaa bya damu kwa mashavu. Mie nilidhani kwa dokteri wa meno nitakuta batoto na jino bovu. Nilikuta mama amepigwa risasi ya taya. Nikaona haya. Nikasema moyoni, Bwana, mie nimeleta kinwa chembamba mahali batu bamekosa kinwa. Nikataka kusimama turudi.

Pembeni yetu kulikuwa Papa mumoja wa kule Walungu, meno yake yamefungwa na waya, juu na chini, kusudi taya ishikane. Alikuwa anasemea katikati ya meno, hakuna kitu kinafunguka. Akamuuliza Solange, "Wewe uko na nini?"

Solange akafunika mudomo.

"Kinwa chake ni chembamba, Papa," nikajibu. "Banataka kukipanua."

Akacheka na pua. "Angalia, mutoto. Mie banafunga, wewe banafungua. Tungechanga, tungekuwa na muntu mumoja muzima."

Solange alicheka mpaka mukono ukatoka kwa mudomo. Basi nikakaa. Yule Papa njo alitufundisha chakula: unasaga sambaza kavu mpaka iwe unga, unachanganya na uji wa soya, unatia mafuta ya mawese kidogo. "Inashibisha," akasema. "Mie ninaota nyama, lakini inashibisha." Mungu amubariki pale alipo. Chakula kile kilituvusha.

Dokteri alikuwa muntu wa makamo, Mukongomani, mupole, na meno ya mbele yenye mwanya mukubwa. Akamkalisha Solange kwa kiti, akamulika.

"Ana miaka ngapi?"

"Anakaribia tisa."

"Ni vizuri. Hapa juu ni mifupa mbili, imeshonwa katikati kama shati. Kwa mutoto mushono bado laini, tunausukuma polepole, unafunguka, kisha mufupa mupya unajaa katikati. Akikuwa mukubwa mushono unakauka. Hapo inabaki kupasua."

"Kupasua uso?"

"Njo maana nimesema ni vizuri."

Kisha akanikazia macho. "Mama, kufungua ni kazi ya juma kidogo tu. Kungojea mufupa ujae njo kazi yenyewe. Apareyi, kile chuma cha kusukuma, ikitoka mbele ya wakati, kinwa kinarudi namna kilikuwa, na tutakuwa tumemutesa mutoto bure. Umesikia?"

Nilisikia. Neno lile nililibeba mpaka mwisho.

Kupima, balimutilia kinwani kitu kama udongo wa kufinyanga, rangi ya pinki, na Solange akanitapikia kwa mapaja. Kuja na kikwembe cha pili cha kujifunga, mama. Kisha Pasaka bakamushikilisha apareyi: chuma kimegandishwa kwa meno ya nyuma, kulia na kushoto, na katikati, chini ya paa la kinwa, visi ndogo, ni kusema parafujo, yenye matundu. Nikapewa ufunguo, kitu chembamba kama sindano. Dokteri aliufunga uzi, akanionyesha nivae uzi ule kwa kidole, juu ukiponyoka mutoto atameza. Unaingiza kwa tundu, unasukuma kuelekea koo mpaka tundu lingine litokee. Asubuhi mara moja, jioni mara moja. Kwisha.

Mara ya kwanza nilimulaza Solange kwa mapaja, uso kwa dirisha, nikasukuma. Machozi yakamutoka.

"Inauma?"

"Haiume. Inasukuma. Mama, pua yangu inasukumwa."

Tukasali Salamu Maria pamoja, ye anasali moyoni juu ulimi haukuwa na pa kukaa. Sala ilipoisha, kusukumwa kulikuwa kumeisha. Toka siku ile tulikuwa tunafanya vile: ufunguo, kisha Salamu Maria. Mara nyingi kabla ya "sasa na saa ya kufa kwetu" alikuwa ameshaniruka kwa mapaja ameenda.

Nikuambie na yale mengine, yasikushitue. Mate yatakuwa mingi. Kusema kutaharibika, Solange alikuwa anajiita "Tolange", na mudogo wake alicheka mpaka nikamufinya. Ugali unaganda juu ya chuma, usipousafisha unanuka na nyama ya meno inavimba. Sie tulitumia buroshi ya laini na maji ya chumvi kila kisha kula. Na shavu litauma, na hasira itakuwa, yake na yako.

Siku moja, mvua bado inanyesha, Solange aliniletea maji ya kunawa, akatabasamu, nikaona giza katikati ya meno mawili ya mbele. Mwanya. Jana yake haukuwapo. Dokteri alinionyaga: meno ya mbele yataachana, ni alama mufupa umefunguka, kisha yatajirudia yenyewe. Nikamushukuru Mungu, nikaendelea na kazi.

Lakini Koko aliona.

Wewe wa huku unajua mwanya ni nini kwetu. Kwa Kinyarwanda tunasema inyinya. Musichana mwenye inyinya, batu banageuka banamuangalia mara ya pili. Koko mwenyewe hakuzaliwa nayo, dada yake njo alikuwa nayo, na mpaka leo anasemea jambo lile. Akamushika Solange kidevu, akamupeleka kwa mwanga.

"Maman Solange, kumbe ile chuma inafanya hii?"

"Ni ya kupita, Koko. Itafunga."

Hakusikia ya pili. Kisha chakula alikuwa kwa bajirani, kisha jioni bajirani balikuwa kwetu. Solange, mutoto aliyekuwa anafunika mudomo, alifungua kinwa mbele ya mama kila mama. "Angalia, ni mie mwenye kumuzalia baba yake," Koko anasema. Mama mumoja aliniuliza kando kama dokteri anapokea hata banamuke bakubwa. Sambaza likaisha kwa masomo, bakamuita Mwanya. Na mie, sitakudanganya, nilifurahia. Niliacha batu bafurahi, sikukaza neno la dokteri. Sikujua bado itanirudia.

Karibu na Pentekoste dokteri aliona imetosha. Akafunga visi na waya isizunguke tena. "Sasa tunangoja," akasema. "Kiangazi chote. Mvua ikirudi muje."

Haikupita juma moja, Bukavu ikaanza kupigwa. Sie kwa Kamembe tulikuwa tunasikia mabomu kama batu banaangusha mabati. Batu balishuka kwa daraja na magodoro kichwani, mbuzi, batoto, mama mumoja na redio tu. Mie nilikuwa naenda pale kwa mupaka na dumu la maji kusaidia, na kila uso nilikuwa nauangalia natafuta uso wa dokteri. Nilikuwa naona haya kuwaza chuma cha mutoto mahali kama pale. Lakini niliwaza. Sikumuona. Bakasema opitali imevunjwa milango, badokteri bamekimbia, hakuna muntu anajua wapi. Mupaka ukafungwa.

Na kiangazi kikaingia, na mwanya ukaanza kufunga.

Koko aliona tena mbele ya bote. Kila asubuhi anamuita Solange kwa mulango, anamupima na ukucha. "Unapungua," anasema, kama muntu anaona chumvi inapungua kwa nyumba. Akaniomba nizungushe tena ufunguo. Nikamwambia dokteri amefunga. Akasema, "Basi tuitoe, mbele haujafunga wote. Mwanya ukikosa chuma cha kuuvuruga utabaki." Nilimueleza ya mifupa mbili, ya mushono, ya shati. Alinisikiliza vizuri, kisha Jumamosi akamwambia mutoto wake, bwana wangu, ya kama ninaharibu kitu Mungu alitoa.

Bwana wangu ni muntu mwema. Lakini ye alikuwa Bugarama wakati dokteri anasema. Yale aliona ni mwanya, na mama yake analia. Jumamosi iliyofuata akarudi na Fundi Hamisi, anayetengeneza mashine ya muchele kule, na ndani ya mufuko wa fundi kulikuwa pense, ile koleo ya kukatia chuma.

Ilikuwa Jumapili kisha misa, joto. Solange alikuwa analala kwa mukeka ndani. Sie tukakaa inje kwa kivuli cha nyumba, Koko akaleta chai.

"Maman Solange, kazi imeisha," bwana wangu akaanza. "Mwanya si ulionekana?"

"Ulionekana. Chuma hakikuwa cha mwanya."

"Kilikuwa cha nini basi?" Koko akauliza. "Mie niliona mwanya. Kitu kingine sikuona."

"Cha mufupa, Koko. Bado haujajaa. Dokteri alisema ikitoka sasa kinwa kinarudi."

"Dokteri huyo yuko wapi?" bwana wangu akasema. "Na akiwa amekufa? Mutoto ataolewa na chuma kinwani?"

Njo swali nililokuwa najiuliza mie mwenyewe kwa rozari. Nikamugeukia fundi. "Na wewe Papa Hamisi, ushaona ndani ya kinwa cha muntu?"

Akashika kikombe vizuri. "Maman, mie nimeitwa tu. Ninakata nyororo za mashine. Nitakata polepole."

"Mashine ikipiga kelele unaizima. Mutoto utamuzimia wapi?"

Alicheka, lakini akamuangalia bwana wangu.

Sikupandisha sauti. Nilichukua kiti changu, nikakiweka kwa mulango, nikakaa. Nikamwambia bwana wangu, "Hakuna muntu atagusa chuma kile isipokuwa dokteri. Kama unaona nimekosa, nenda umuamushe wewe, umwambie wewe mwenyewe ni ya nini banamukata." Nikasogeza magoti apite. Nilijua hawezi. Nilidhani nilijua. Alipita.

Tukangoja. Kisha nikasikia ananiita na jina langu la ubatizo, Beata, jina ambalo hakulitumia toka tuzae.

Tulikimbia sie bote, hata fundi na kikombe chake. Bwana wangu alikuwa amepiga magoti kwa mukeka, sikio kwa kifua cha mutoto. Solange alikuwa analala uso juu, mikono imetulia, na midomo imefungana.

"Hakoromi," bwana wangu akasema. "Niliingia, sikusikia kitu. Hakoromi."

Toka azaliwe, ye hakuwahi kumuona analala midomo ikiwa pamoja. Alidhani amekufa. Na mie niliyekuwa ninakaa naye kila siku, kila siku naangalia meno, sikujua ni tangu lini kimya kile kimeingia kwa nyumba.

Solange akafungua macho, akatuona bote juu yake. "Papa, uko na nini?"

Koko njo aliinama, akaweka mugongo wa mukono chini ya pua ya mutoto, akakaa vile.

"Hewa inapita hapa," akasema. Kisha akasogeza mukono kidogo. "Na huku nako inapita."

Tulirudi inje. Bwana wangu akakaa, akafuta uso na shati. "Fundi," akasema, "maliza chai yako. Pense utairudisha kazini."

"Alhamdulilahi," Fundi Hamisi akasema. "Toka Bugarama naomba muniambie vile."

Koko alibaki na huzuni yake. Hakusema tena kutoa chuma, lakini mwanya ulipofunga wote, alikaa siku mbili hasemi na mie, na mie nikamuacha. Sasa kazi ilikuwa kungoja. Muchele ukavunwa, vumbi la barabara likapanda mpaka kwa vyombo, mupaka ukafunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa. Nilikuwa nasali kitu kimoja tu: dokteri awe hai, na meno ya nyuma yashike. Mvua ya kwanza iliponyesha, Papa mumoja wa soko akaniambia wa meno amerudi, anapokea kwa nyumba ya dada yake.

Koko akavaa kikwembe kizuri, akasema anaenda na sie.

Dokteri alikuwa amekonda. Bintu byake byote bya opitali bilichukuliwa, alikuwa na kiti cha kawaida cha nyumba na tochi. Batu balikuwa bangapi banangoja kwa baraza, sikuhesabu, lakini Koko aliwapita bote na fimbo yake.

"Dokteri, mie ni mama ya baba ya huyu mutoto. Mwanya wake umeenda wapi?"

"Umefunga, Koko. Ulikuwa wa kupita tu."

Koko akamuangalia meno. "Na yako nani alikufungulia?"

"Nilizaliwa nayo."

"Basi wewe unabaki na yako, ya batoto ba batu unafunga."

Baraza yote ilicheka, na dokteri alicheka mpaka akaweka tochi chini. Nadhani ilikuwa siku nyingi hajacheka.

Kisha akamukalisha Solange, akatia pense yake, ile ya kazi yake, na mie nikageukia ukuta. Kilisikika kitu kimoja, ka, na kingine. Solange hakulia. Dokteri akapapasa juu na kidole gumba, akasukuma huku, akasukuma huku. Akachukua muda. Nilikuwa nimeshika rozari lakini sikumbuki kama nilisali.

"Mama, geuka," akasema. "Umejaa. Hautarudi."

Alitupatia kingine cha pilastiki, cha kuvaa usiku tu, kinatoka na kuingia. Chuma akaniwekea kwa karatasi kama nataka. Sikukitaka.

Kwa barabara ya kushuka darajani, mama mumoja alikuwa anachoma mahindi mabichi. Solange akasimama. Hakuwahi kuomba hindi. Nyumbani tulikuwa tunamupukuchulia. Koko akanunua, akampatia zima. Akalishika na mikono miwili, akaliuma na meno ya mbele, na punje zikakatika safu moja, sawasawa, kama zimekatwa na kisu. Akaangalia pale alipouma. Akauma tena.

Wa moto, yule mwenye pikipiki ya kupakia batu, akaja, akasema mupaka utafungwa sasa hivi, tupande. Koko alikuwa amekaa kwa jiwe, amekunja mikono, anaangalia mutoto anakula. Nikamwambia wa moto apakie batu bengine kwanza, sie tunangoja hindi liishe.